Altrasaundi, hesabu ya damu au FibroScan: kipimo kipi baada ya kuambiwa ini lina mafuta?

Karatasi ya altrasaundi ikisema ini lina mafuta, watu hugawika mafungu mawili. Kuna anayekosa usingizi na kununua kila chupa ya "dawa ya kusafisha ini" inayopita mbele yake. Na kuna anayeikunja karatasi akaitia kwenye droo, maana hakuna panapomuuma. Wote wawili wanastahili maelezo zaidi ya yale waliyopewa kwa haraka mlangoni. Nawaandikia hao, na hasa yule aliyeambiwa hapa Unguja au kule Pemba "kapime zaidi" bila kuambiwa apime nini na kwa sababu gani.

Vinavyotajwa zaidi ni vipimo vitatu: altrasaundi, hesabu ya damu inayoitwa FIB-4, na FibroScan, mashine inayopima ugumu wa ini. Watu huuliza kipi ni bora. Jibu linategemea unataka kujua nini, kwa hiyo tuanze hapo.

Mafuta ni jambo moja, kovu ni jambo jingine

Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale yanapoonekana kwenye zaidi ya asilimia 5 ya chembe zake. Duniani karibu theluthi ya watu wazima wako hivyo. Wengi wao wataishi na mafuta hayo bila ini lao kuharibika. Kwa baadhi, mafuta huleta uvimbe wa ndani kwa ndani, na uvimbe ukikaa miaka huacha kovu. Kovu hilo madaktari hulipanga kuanzia F0, yaani hakuna, hadi F4, ambayo ndiyo sirosisi, yaani ini lililojaa kovu likawa gumu. Kinachotabiri nani ataugua sana ini lake ni kiasi cha kovu, kuliko kiasi cha mafuta. Na kovu haliumi. Mtu anaweza kuwa na F3 na akaendelea kufungua duka lake kila asubuhi.

Jambo la pili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona linavyowanyima watu raha. Visiwani wengi hawajaonja pombe maishani mwao, wakisikia "ugonjwa wa ini" huona kama wametuhumiwa, na wengine huificha karatasi hata kwa mke au mume. Ini la mafuta tunalolizungumzia hapa linatokana na uzito wa tumboni, kisukari, presha, mafuta mengi kwenye damu, na wanga na sukari kuzidi kile mwili unachotumia. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini duniani viliubadilisha jina rasmi ugonjwa huu ili uhusishwe na hali hizo za mwili badala ya kuelezwa kwa kutaja pombe. Hakuna cha kuonea aibu. Daktari akikuuliza kuhusu pombe, anauliza kila mtu. Mjibu kwa ukweli.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kipimo nimekiuliza maswali yale yale. Kinajibu nini, mafuta au kovu? Kinafanywaje, na unajitayarisha vipi? Karatasi yake inasomwaje? Kinakosea wapi? Kinapatikana kwa urahisi gani, na kinamfaa nani?

Altrasaundi

*Kinajibu nini.* Kinajibu swali la mafuta, na hulijibu vizuri zaidi mafuta yakiwa mengi. Yakiwa chini ya asilimia 20 hivi, picha inaweza kutoka safi na mafuta yapo. Kuhusu kovu, altrasaundi ya kawaida haioni hatua za mwanzo. Huona sirosisi iliyokomaa: ini lenye kingo za mabonde mabonde, bandama iliyovimba, maji tumboni. Ina faida ambayo vile viwili vingine havina, kwani huona pia mawe ya kwenye nyongo, mirija iliyoziba na uvimbe wa kuota, kama wa saratani.

*Kinafanywaje.* Unafunga kula kwa muda wa saa 6 hadi 8, unalala chali, unapakwa jeli, na mtaalamu anapitisha kichwa cha mashine chini ya mbavu za kulia. Hakuna mionzi, hakuna maumivu.

*Kusoma karatasi.* Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtaalamu analilinganisha ini na figo ya kulia iliyo jirani yake. Ini lenye mafuta hung'aa kuliko figo. Likiwa limeng'aa kidogo tu, huandikwa daraja la 1. Kuta za mishipa ndani ya ini zikianza kufifia, daraja la 2. Mng'ao ukiwa mkali hata kiwambo cha kupumulia nyuma ya ini hakionekani vizuri, daraja la 3.

Sasa shika hili: daraja la 3 la mafuta halina uhusiano na hatua ya 3 ya kovu. Ni ngazi mbili tofauti zinazopimwa kwa vitu tofauti. Mtu wa daraja la 3 anaweza kuwa hana kovu kabisa. Na wa daraja la 1 anaweza kuwa na kovu kubwa. Tena kovu likikomaa mafuta huweza kupungua kwenye picha, mgonjwa akadhani amepona. Ukitoka na karatasi ya daraja lolote, umejibiwa nusu ya swali.

*Kinapokosea.* Hutegemea jicho la anayepiga. Ini moja, wataalamu wawili, unaweza kupata daraja la 1 asubuhi na la 2 jioni. Unene mkubwa wa tumbo huifunika picha. Kwa hiyo mabadiliko ya daraja moja baada ya miezi mitatu yasikuvunje moyo wala yasikufanye ujisahau.

*Upatikanaji, na kinamfaa nani.* Ndicho kinachopatikana karibu zaidi na kwa bei nafuu kati ya vipimo vya picha, iwe Mnazi Mmoja au hospitali za Pemba kama Abdulla Mzee ya Mkoani. Kinamfaa anayeanza, mwenye maumivu ya upande wa kulia, na yeyote ambaye daktari anataka kuhakikisha hakuna jambo jingine. Hakimtoshi anayetaka kujua kama ini limeshaanza kupata kovu.

Hesabu ya damu: FIB-4

*Kinajibu nini.* Kinajibu swali la kovu, hasa kwa kuwatoa wasiokuwa nalo. Kuhusu mafuta hakisemi lolote.

*Kinafanywaje.* Si kipimo kipya. Ni hesabu inayofanywa kwa namba nne ambazo pengine unazo tayari nyumbani: umri wako, AST na ALT (vimeng'enya vya ini) kutoka kipimo cha ini, na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) kutoka FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, zilizoandikwa PLT. Hakihitaji kufunga. Ilitungwa mwaka 2006 kwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI na homa ya ini C kwa pamoja, ikaonekana inafaa pia kwenye ini la mafuta. Miongozo mingi ya leo inaiweka kama hatua ya kwanza ya kutafuta kovu.

*Kusoma.* Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Zidisha umri kwa AST. Weka pembeni. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa chembe sahani. Gawa jibu la kwanza kwa la pili.

Tuseme ni mama wa miaka 52, AST 38, ALT 49, chembe sahani 220. Mara 52 kwa 38 ni 1,976. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7; mara 220 ni 1,540. Ukigawa unapata 1.28. Chini ya 1.3 maana yake uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Mama huyu anaweza kupumua, akashughulika na uzito na sukari yake, akarudia hesabu baada ya mwaka 1 hadi 3. Mwenye kisukari asiende mpaka mwisho wa muda huo.

Badilisha kitu kimoja tu: chembe sahani ziwe 140. Sasa unagawa kwa 980, unapata 2.02. Yuko katikati, kati ya 1.3 na 2.67, pahala ambapo hesabu haisemi ndiyo wala hapana na kipimo cha ugumu wa ini kinahitajika. Juu ya 2.67 aende kwa daktari bingwa bila kungoja. Ona kwamba AST na ALT hazikubadilika hata kidogo. Ndiyo maana sipendi mtu aambiwe "ini lako zima" kwa sababu ALT ni ya kawaida. ALT huweza kuwa ya kawaida na kovu lipo.

Angalia pia namna maabara inavyoandika: nyingine huandika 220, nyingine 220,000. Kwenye hesabu hii tumia 220.

*Kinapokosea.* Chini ya miaka 35 haitegemeki. Kwa aliyefika miaka 65 umri wenyewe huipandisha, kwa hiyo mpaka wa chini kwake ni 2.0 badala ya 1.3. Na hapa kwetu kuna mtego mmoja: homa. Dengi hushusha chembe sahani na kupandisha AST, malaria nayo hushusha chembe sahani, na hesabu iliyofanywa wiki ya homa itamtisha mtu bure. Kazi nzito ya misuli, kama siku nzima ya kubeba mizigo au mechi ngumu, huweza kupandisha AST vilevile. Subiri mwili utulie ndipo upime.

*Upatikanaji, na kinamfaa nani.* FBP na vipimo vya ini vinapatikana mahali pengi na ni nafuu. Anayeishi Micheweni hana haja ya kupanda boti kwa ajili hii. Inawafaa watu wa miaka 35 na zaidi walioambiwa wana mafuta, na kila mwenye kisukari cha aina ya pili hata kama hajawahi kupiga altrasaundi.

FibroScan

*Kinajibu nini.* Maswali yote mawili kwa mkupuo mmoja: namba moja ya ugumu wa ini, inayoashiria kovu, na namba nyingine ya mafuta.

*Kinafanywaje.* Mashine hii ya kampuni ya Echosens ya Ufaransa imekuwapo tangu mwaka 2003. Unalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa ili mbavu zifunguke. Kichwa cha mashine kinawekwa katikati ya mbavu, kinagonga ngozi kwa kigongo chepesi, kama mtu amekupiga kwa ncha ya kidole. Kigongo hicho hutuma wimbi kwenye ini, na mashine hupima kasi yake; ini gumu hulipitisha wimbi haraka. Hugongwa angalau mara 10. Dakika 5 hadi 10 umemaliza. Uwe hujala kwa saa 3 zisizopungua, maana chakula huongeza damu kwenye ini na ugumu hupanda kwa uongo. Mwezi wa Ramadhani miadi ya mchana hufaa sana kwa hili.

*Kusoma karatasi.* Ugumu huandikwa kwa kPa. Chini ya 8, kovu kubwa halitarajiwi. Kati ya 8 na 12 ni eneo la mashaka linalohitaji kufuatiliwa. Juu ya 12 uwezekano wa kovu kubwa ni mkubwa. Mafuta huandikwa kwa dB/m, kati ya 100 na 400. Wataalamu wengi huhesabu 248 kwenda juu kuwa mafuta yapo, na wengine hungoja 275. Ukikuta 310 dB/m pamoja na 5.2 kPa, soma hivi: mafuta mengi, kovu halionekani. Hiyo ni habari njema yenye kazi ndani yake. Ukikuta 230 na 14, usifurahie mafuta kidogo. Namba ya kuifuata ni 14.

Kuna namba ya tatu ambayo hakuna anayeisoma: IQR, mara nyingi kwa asilimia. Inaonyesha kama vigongo vilikubaliana. Ikizidi asilimia 30 na ugumu umetoka juu, omba kipimo kirudiwe kabla hujaanza kulia.

*Kinapokosea.* Hupanda kwa uongo ukiwa umekula, ukiwa na homa ya ini kali inayoendelea na ALT imepanda sana, moyo ukiwa umeshindwa kazi na damu imerudi nyuma kwenye ini, au mirija ya nyongo ikiwa imeziba. Kwa mwenye mwili mkubwa kinahitajika kichwa maalumu cha XL. Na hakioni uvimbe wala mawe, hakitoi picha.

*Upatikanaji, na kinamfaa nani.* Ni ghali kuliko viwili vilivyotangulia na mashine zake ni chache, nyingi ziko hospitali kubwa. Kabla ya kukata tiketi ya boti kwenda Dar es Salaam, piga simu uulize mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii? Kichwa cha XL kipo? Bima yangu inakubaliwa? Baadhi ya mashine mpya za altrasaundi nazo zina uwezo wa kupima ugumu, kwa hiyo uliza hilo karibu na nyumbani kwanza. Kipimo hiki kinamfaa aliye katikati au juu kwenye FIB-4, mwenye kisukari cha miaka mingi, na kijana ambaye hesabu ya damu haimfai. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye FIB-4 ya 0.9, sioni sababu ya kukopa fedha akifuate.

MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, hupima mafuta kwa usahihi kuliko vyote, lakini ni ghali na mara chache itabadilisha ushauri utakaopewa. Kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama cha ini hubaki kwa mashaka makubwa, na ni uamuzi wa bingwa.

Kitu cha kupima kabla ya kuyalaumu mafuta

Homa ya ini B. Mtu anaweza kuwa na mafuta na virusi kwa pamoja, na virusi visipotibiwa huleta kovu na saratani hata kwa mwembamba. Chanjo yake kwa watoto wachanga ilianza Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla hawakuipata utotoni. Kipimo ni tone la damu. Nakuomba, usiondoke na jina la "ini la mafuta" bila kupimwa homa ya ini B na C.

Kuyashusha mafuta, na kovu nalo

Njia yenye ushahidi mkubwa ni kupunguza uzito. Asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta, 7 hutuliza uvimbe, 10 huweza kurudisha kovu nyuma. Kwa mwenye kilo 86 hiyo ni kilo 4.3, kama 6, na 8.6. Zishuke taratibu, nusu kilo hadi moja kwa wiki. Kujinyima kwa ghafla huweza kuliumiza ini zaidi.

Vyakula vyetu vinajulikana. Samaki, pweza, mchicha, kunde na choroko si tatizo. Tatizo ni sahani ya wali wa nazi iliyojaa hadi ukingoni, chapati mbili na chai ya sukari vijiko vinne asubuhi, soda mchana, juisi ya miwa jioni, na urojo wenye bajia na kachori juu yake. Nikiambiwa nichague kimoja cha kuanzia, ningeanza na vinywaji vitamu, maana ini hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuigeuza sukari ya aina ya fruktosi kuwa mafuta. Kwenye futari, mihogo, viazi, tambi na kaimati vyote ni wanga; chukua kimoja, ongeza samaki. Kahawa chungu ya barazani imehusishwa na ini kuwa na kovu pungufu, mradi halua ibaki kwa muuzaji. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki husaidia hata uzito usiposhuka.

Dawa zimeanza kupatikana duniani: Marekani iliidhinisha resmetirom mwaka 2024 na semaglutide mwaka 2025 kwa wenye uvimbe na kovu la F2 au F3. Ni dawa za bingwa. Za kupunguza mafuta ya damu, zile za kundi la statini, hazikatazwi kwa sababu ya ini la mafuta, na wengi huziacha bure ilhali moyo ndio unaowaua zaidi wagonjwa hawa. Kuhusu mitishamba: manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, lakini vidonge vya manjano yaliyokolezwa vimeripotiwa kuliumiza ini. Unachokunywa, mwambie daktari wako.

Uko wapi, uende wapi

Umeambiwa daraja la 1 au 2, una miaka kati ya 35 na 65, huumwi: tafuta karatasi zako za damu, fanya FIB-4. Ikiwa chini ya 1.3, fedha ya FibroScan inunue samaki na viatu vya kutembelea.

Una kisukari cha aina ya pili: fanya FIB-4 hata kama altrasaundi ilitoka safi, na irudie kila mwaka au miwili.

Uko Pemba na FIB-4 imetoka 1.3 hadi 2.67: pima tena damu ukiwa huna homa. Ikibaki hapo, safari ya kwenda kupima ugumu ina maana. Iunganishe na miadi ya bingwa siku hiyo hiyo ili usirudi na karatasi isiyo na mtu wa kuisoma.

Una chini ya miaka 35, mnene, na ndugu yako alikufa kwa ugonjwa wa ini: homa ya ini B kwanza, kisha FibroScan ukiweza.

FibroScan imesema zaidi ya 12, au altrasaundi imetaja kingo za mabonde au bandama kubwa: bingwa wa ini, na altrasaundi kila miezi 6 kuangalia uvimbe wa saratani iwapo sirosisi itathibitishwa.

Macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au mzee wenu ameanza kuchanganyikiwa maneno: hapa hakuna kuchagua kipimo. Mpelekeni hospitali sasa hivi, usiku huu huu.